Harufu Iliyofichwa na Ubaridi

Mwalimu Soibi alikutwa amekufa, kifudifudi darasani, povu mdomoni, pakiti ya maji ya kunywa bado mkononi. Mboni za macho yake zilikuwa zimefinyaa kama tundu za sindano. Watoto watatu waliokunywa maji yale walikuwa hoi hospitalini.

Kufikia adhuhuri mji mzima ulishamhukumu mumewe, Dagogo, kwa kuwa walionekana wakigombana sokoni. Askari wa kituo walimpiga makofi ili aseme sumu aliitoa wapi.

Inspekta Ibinabo Wokoma alipofika kutoka Port Harcourt, aliamuru aachiwe.

"Aliitiaje sumu kwenye pakiti zilizofungwa kiwandani?" aliwauliza.

Shida ni kwamba maji hayakunuka. Inspekta alinusa pakiti kutoka jokofu la shule, asipate kitu. Mkemia wa polisi, Erekosima, akamweleza kuwa ubaridi huficha harufu. Alimimina maji kwenye chupa safi, akaiziba, akaipasha moto taratibu, kisha akafungua na kuupunga mvuke kwa mkono uwafikie.

Ikawajia harufu ya kitunguu saumu kilichooza.

"Dawa ya wadudu," Erekosima alisema, akaiziba chupa haraka. Vipimo vya maabara vikathibitisha.

Maji yalitoka kisima cha Chifu Sokari, mwenye kiwanda cha maji na duka la pembejeo za kilimo. Chifu aliwapokea kwa bashasha. Inspekta alipoomba maji, aliletewa ya mvua, kutoka tangi la nyumbani.

"Kumbe hapa hamnywi maji yenu?"

"Wanangu wana matumbo mepesi, mama."

"Tangu lini?"

Aliyejibu ni mkewe, akiwa mlangoni. Mwanawe alikuwa mmoja wa wanafunzi wa Soibi. "Tangu azike yale mapipa. Mwambie, baba watoto. Au niseme mimi?"

Askari walichimba nyuma ya pampu. Yakatoka mapipa ya dawa iliyopigwa marufuku, yameliwa na kutu, yanavuja.

Kituoni Chifu alikiri. Aliyaficha mapipa wakaguzi walipokuja dukani. Harufu ilipoanza kutoka kisimani, aliagiza maji yasambazwe yakiwa baridi sana.

"Ulijua," Inspekta alisema.

"Nilijua yananuka. Sikujua yataua."

"Kwa wanao ulijua."

Inspekta aliendelea kumhoji.

"Mbona hukufunga kisima?"

"Wangeuliza kwa nini. Wangechimba. Mimi ni chifu wao, mama, ningeuweka wapi uso wangu?"

Inspekta alimwita Dagogo aingie, akamwamuru Chifu arudie maneno yale mbele yake, neno kwa neno. Chifu akarudia.

Dagogo alisikiliza mpaka mwisho, shavu bado limevimba.

"Siku ile sokoni mimi na Soibi tuligombania maji haya," alisema. "Alisema kila akichemsha chai anasikia harufu. Nikamwambia mbele za watu aache deko, ni mimba tu inamsumbua."