Jumapili za Doris

Kila Jumapili mchana, kabla soseji hazijawekwa motoni, Bibi Merle alifungua friza na kutoa boksi la aiskrimu. Mgeni aliyelifungua kwa uroho hakurudia tena. Ndani hamkuwa na aiskrimu, bali panya weupe waliogandishwa, kila mmoja kwenye mfuko wake. Hicho kilikuwa chakula cha Doris.

Doris alikuwa chatu wa Babu. Babu alimlea tangu akiwa mwembamba kama kamba ya kiatu. Alipofariki, Bibi alirithi nyoka, kasha lake la kioo pale barazani, na koleo refu lililofungwa utepe mwekundu. Koleo lenye utepe lilikuwa la Doris, lisilo na utepe la soseji. Mjomba wetu aliwahi kuyachanganya, na hatujaacha kumcheka hadi leo.

Jinsi ninavyozikumbuka Jumapili zile! Majivu ya mashamba ya miwa yaliyochomwa kabla ya mavuno yalituangukia vichwani, nasi wajukuu tulikaa ngazini peku tukimtazama Bibi. Alimtia panya kwenye ndoo ya maji ya uvuguvugu hadi barafu yote iyeyuke, akambonyeza tumbo kuhakikisha hana ubaridi ndani, akamkausha kwa taulo kuukuu. Kisha alimshika kwa koleo na kumtikisatikisa mbele ya Doris.

"Haya, mama, karibu mezani," alisema. Yalikuwa maneno ya Babu.

Mwaka mmoja Bibi alikwenda mjini Townsville kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Ufunguo wa kasha alimwachia dada yangu Glenys, mwenye miaka kumi na miwili na kichwa kigumu.

"Jumapili mpe chakula. Asipotaka, mwache," Bibi alimwambia. "Doris anaijua njaa yake mwenyewe."

Jumapili ilipofika, Doris hakutaka. Glenys alimtikisia panya hadi mkono ukamuuma. Jumapili ya pili, vilevile. Darryl, mtoto wa jirani, alikuwa akichungulia juu ya uzio.

"Huyo ni nyoka au mgonjwa wa hospitali?" alicheka. "Chakula cha friza, tena cha kupashwa moto! Mpe panya mzima uone kama hataamka."

"Bibi hataki."

"Bibi yuko Townsville. Doris akifa njaa, utamwambia nini?"

Neno hilo lilimchoma Glenys. Katika vitu vyote vya Babu, Doris pekee ndiye aliyekuwa bado anapumua, na yeye ndiye aliyekabidhiwa.

Siku iliyofuata Darryl alileta panya aliyenaswa kwenye banda la baba yake. Glenys alimmwaga ndani ya kasha, akafunga, nasi tukaenda kucheza kriketi barabarani. Tuliporudi, Doris alikuwa amejikunja palepale, hakusogea. Panya alikuwa amekaa juu ya mgongo wake, anautafuna.

Nililia. Glenys alimnyakua panya kwa koleo na kumtupa nje, naye panya akatokomea kwenye miwa. Mgongo wa Doris ulikuwa na shimo lenye damu.

"Sema alijikwaruza kwenye gogo la humo kashani," Darryl alinong'ona. "Nani atajua?"

Simu ikalia. Alikuwa Bibi, kama kila siku saa ya chai. Glenys alishika mkono wa simu huku akimtazama Darryl, nikadhani atadanganya.

"Bibi, Doris ameumia," alisema. "Mimi ndiye niliyemwekea panya mzima." Akaeleza yote.

Nilingoja kusikia Bibi akifoka. Badala yake aliuliza, "Macho yake yakoje?"

"Meupe, Bibi. Kama maziwa."

"Basi alikuwa anajiandaa kujivua gamba, mwanangu. Wakati huo haoni vizuri na hana hamu ya kula. Mwambie mama yako awapeleke kwa daktari wa wanyama. Sasa hivi, si kesho."

Daktari alikisafisha kidonda, akakishona, akampiga Doris sindano. Alisema kama tungengoja, kidonda kingeoza.

Bibi alirudi akiwa na miwani nyeusi. Doris alikwisha kujivua gamba, macho yake maangavu, kovu likionekana wazi mgongoni. Glenys alimnyooshea Bibi ufunguo bila kumtazama usoni. Bibi hakuupokea. Alimpa koleo lenye utepe.

"Haya, mama, karibu mezani," Glenys alisema. Doris alimrukia yule panya wa friza, akajizungusha, akaanza kummeza. Tulipiga kelele za furaha hadi Darryl akatoa kichwa juu ya uzio.

"Njoo na wewe, mtaalamu," Bibi alimwita. "Niambieni, mimi nilipokuwa na ukungu machoni, mngenitupia mbwa mkali kitandani ili nichangamke?"

Tulicheka, hata Glenys. Bibi hakucheka.

"Panya mzima ana meno, na anapenda kuishi kama sisi. Ndiyo maana Babu yenu hakumpa Doris mnyama hai hata siku moja. Aliona ni ukatili kwa wote wawili. Glenys, uliogopa, ukaharakisha, ukakosea. Lakini mficha maradhi, kifo humuumbua. Wewe hukuficha, na ndiyo maana leo Doris anakula."

Bibi hayupo tena. Doris amezeeka, kovu lake bado lipo, na anaishi kwa Glenys. Ninapomtembelea Jumapili, watoto wake hukaa ngazini, naye hutoa boksi la aiskrimu kwenye friza. Ufunguo wa kasha amemkabidhi binti yake.

"Ukikosea," humwambia, "niambie siku hiyohiyo."