Mwizi Aliyechemsha Chupa

Rafu ya maabara ilikuwa tupu, na meza ya chini yake ilinuka spiriti. Mtu alikuwa amechukua chupa zote za kuvu, kisha akafuta meza.

"Mwizi msafi," alisema Sajini. "Mke wangu angempenda."

Inspekta hakucheka. Aliinama akakagua kitasa. Hakikuchokonolewa. Mlango ulikuwa umefunguliwa kwa ufunguo, na wenye funguo walikuwa wawili tu: mtafiti mwenyewe na msaidizi wake, binti wa dada yake.

Mtafiti alikuwa ameketi, mkoba wa safari ungali begani. Wenzake walimwita Daktari Upya. Alianza na miamba, akitafuta joto la ardhini; hakulipata. Akahamia kwenye nyuki. Dawa yake haikuponya hata mzinga mmoja. Sasa alikuwa na kuvu iliyosemekana kuua fukusi wa mahindi, na alasiri hiyo jopo la wafadhili lilikuwa linakuja kuiona.

"Usiku ulikuwa wapi, Daktari?"

"Ndani ya basi. Muulize dereva, tuliharibikiwa njiani."

Sajini alikwisha kumuuliza. Ilikuwa kweli.

"Una adui?"

"Mtu aliyeshindwa mara mbili hana adui, Inspekta. Ana watani."

Sajini alitoka kukagua uwanja, akarudi na ndoo. Chupa zilikuwa kwenye shimo la taka, na utando wa kijani ndani yake ulikuwa umenyauka.

"Zina uvuguvugu, afande. Zimepikwa!"

Inspekta aliugusa mtungi wa mvuke uliokuwa pembeni, ule wa kuulia vijidudu. Nao ulikuwa na joto. Mwizi gani huiba, akapika, kisha akatupa?

Alimwita msaidizi chumba cha pili. Binti aliketi wima, mikono mapajani.

"Ufunguo wako umewahi kupotea?"

"Hapana, afande."

"Basi huyu mtu kajisumbua bure. Kuchemsha kote huko kwa nini? Angemwaga kwenye sinki, akalala."

"Amwage zikiwa hai?" Binti alifoka. "Zitoke mtaroni, zisambae? Hakuna kitu kinachotoka humu bila kuuawa kwa mvuke..."

Akajiziba mdomo.

"Ni mimi," binti alisema hatimaye.

"Kwa nini?"

"Kuvu haiui kitu. Niliweka fukusi kwenye chupa zisizo na kuvu, wakafa vilevile. Kinachowaua ni unyevu wa chupa. Mjomba amenilea tangu mama afariki, afande. Nimewasikia wakimcheka kwenye korido. Nimwache asimame mbele ya jopo, wamcheke tena? Kuibiwa si aibu."

Inspekta alifungua mlango, akamwita Daktari, akamweleza kwa maneno machache. Mzee alimgeukia mpwa wake.

"Mwanangu, na mimi nilijaribu chupa zisizo na kuvu."

"Mjomba?"

"Unadhani nilisafiri kufanya nini? Nilikwenda kuomba maabara nyingine wahakikishe kwamba kuvu haiui. Wamekubali, ila walitaka chupa hizi hizi. Leo nilikuwa nataka kuliambia jopo kwamba nimekosea, na kuwaonyesha nilivyokosea."

Binti alifunika uso.

"Hukuniambia, Mjomba."

"Nawe hukuniambia." Alivuta kiti karibu naye, akaketi. "Wacheke, nimezoea. Lakini kuna mtu mahali fulani ataishika kuvu hii kesho, ateketeze miaka yake kama mimi. Nitamzuia kwa kitu gani sasa? Kwa mdomo mtupu?"



Inspekta alichukua karatasi ya maelezo, akaiweka mbele ya binti. Mali ya taasisi ilikuwa imeharibiwa, na jalada lilikuwa limekwisha kufunguliwa. Hilo halikuwa na huruma ndani yake.

"Andika," alisema. "Na yale majaribio ya chupa zisizo na kuvu yaeleze yote, ulivyofanya na ulichokiona. Daktari naye ataandika yake kwenye chumba kingine, msisikilizane. Maelezo yenu yakilingana, ni ushahidi. Na ushahidi husomwa mahakamani, mbele ya kila mtu, Daktari, hata huyo unayetaka kumzuia."