Namba Iliyoshuka

Kila asubuhi kabla ya shule, Ruthu wa darasa la sita alimpelekea baba yake chai sokoni Kibaigwa. Mzee Bartolomayo alikuwa dalali wa mahindi. Alichoma gunia kwa bambo, kile chuma chenye mfereji, akatazama punje chache zilizotoka, akajua gunia zima.

Mwaka mmoja, siku zile za soko huria, alikonda, macho yakawa ya njano. Alichomwa sindano za malaria duka la dawa, wapi! Mkewe, Tereza, akambembeleza hadi hospitali ya Dodoma. Kumbe uvimbe kwenye kongosho ulikuwa umeziba njia ya nyongo. Damu ikapelekwa Dar es Salaam kupimwa alama ya saratani, ikaonekana iko juu sana. Wakampasua, wakaipa nyongo njia nyingine. Macho yakarudi meupe. Damu ikapimwa tena.

Ruthu akasoma majibu. "Baba, namba ya ile alama imeshuka zaidi ya nusu! Umepona!"

"Mmesikia?" Bartolomayo akawatambia madalali wenzake. "Punje safi, gunia safi!"

"Daktari kasema turudi," Tereza akamkumbusha.

"Mama Ruthu, wewe na daktari wako! Mtoto anajua hesabu kutushinda."

Watoto, maneno hayo ndiyo yaliyomponza. Hakurudi. Mavuno yalipoanza, mgongo ulimuuma hata asiweze kulala chali, ndipo wakampeleka. Daktari Naima, yule aliyewaambia warudi, alimpapasa tumbo, akasema uvimbe ungalipo na umekua.

"Shikamoo, daktari. Kwani nilisoma vibaya?" Ruthu akauliza.

"Marahaba. Ulisoma sawa, mwanangu. Nyongo ikiziba, alama ile hupanda hata kwa asiye na saratani. Tulipoifungulia njia, ikashuka. Uvimbe wenyewe hatukuweza kuutoa."

"Lakini punje..." Bartolomayo akasema.

"Mzee, bambo lako linaingia ndani ya gunia. Hiyo namba ni vumbi la nje tu."

"Tungerudi mapema angepona?" Tereza akauliza.

"Sidhani, mama. Ila asingeumia hivi bila dawa."

Kisha akamkabidhi Ruthu chupa ya dawa ya maumivu. "Waambie na wenzako: namba moja haimalizi habari za mgonjwa. Mrudieni aliyempima, awaeleze. Na baba akisema anaumia, mwamini yeye."

Nyumbani, Bartolomayo alijilaza ubavu, uso ukutani.

"Baba, bado inauma?"

"Bado, mwanangu."

Ruthu hakubisha. Akamimina dawa kwenye kijiko, akamwinua kichwa.