Makaburi ya Migomba

Haya si ya kuambiwa na mtu aliyeambiwa. Mwalimu Obwocha ni jirani, mtu wa huku kwetu Gesima, na yaliyompata yalimpata mchana kweupe, watu tukiona.

Alhamisi hiyo ilianza kwa utulivu, kama siku za msiba zinavyoanza. Mkewe, Ruth, alikuwa mochari. Angezikwa Ijumaa, kabla Sabato haijaingia. Turubai lilishafungwa, wanawake wanamenya ndizi, chai tele. Mwalimu akamwonyesha Momanyi, mkubwa wa wachimbaji, pa kuchimba: upande wa kushoto wa nyumba, ndiyo desturi kwa mke.

Futi nne chini, jembe likazama kwenye kitu laini. Momanyi akainama. Lilikuwa shina la mgomba, limeviringishwa kwa blanketi. Akalichoma kwa ncha ya jembe. Utomvu ukatoka.

"Mwalimu," akanong'ona, "hili lilizikwa lini?"

Obwocha alijua. Miaka kumi na mitatu iliyopita.

Tuseme ukweli, maana tumeumeza muda mrefu. Mteremko ule ulikuwa wa ukoo wa mzee Anyona, nyumba saba. Babu zao walipokelewa huku zamani, wakapewa ardhi, wakazaliana na kuzikana hapo vizazi vinne. Sisi tukaendelea kuwaita abamenyi, wakaaji tu. Kiwanda cha majani chai kilipojengwa karibu, loo, ghafla wakawa wachawi! Obwocha ndiye aliyeandika barua ya kuwafukuza, na sisi tukatia sahihi. Wiki hiyo Anyona alikuwa amefariki, kaburi limeshachimbwa, mwili haujafika. Hawakupewa hata siku moja. Na kaburi haliachwi wazi, litaita mtu mwingine. Wanawe wakazika mgomba mahali pa baba yao, wakabeba magodoro, wakaondoka mvuani. Obwocha akapanda chai, akajenga.

"Sogeeni kule," akasema sasa.

Wakasogea hadi kwenye ua. Futi nne. Mgomba. Blanketi la mtoto.

Wakaingia katikati ya chai, wakang'oa michai, wakachimba. Mgomba tena. Wanawake wakaacha kumenya.

Anyona alikuwa na kaburi moja tu. Kila mtu pale alilijua hilo.

"Si uliandika kwamba uliwaona wakiroga, Mwalimu?" Momanyi akauliza. "Kwa macho yako?"

Obwocha alitazama viatu vyake.

"Sikuona kitu," akasema. "Nilitaka shamba."

Hakuna aliyemkemea. Nani angemkemea? Sahihi zetu zilikuwa kwenye karatasi hiyo hiyo.

Mwili ulikuwa unakuja kesho, na Ruth hakuwa na pa kulala. Obwocha akaenda nyuma ya jiko, akampigia simu Mokeira, binti wa Anyona. Alimfundisha kusoma akiwa darasa la kwanza.

"Mokeira, mwanangu. Nakuomba ruhusa nimzike Ruth hapa."

Mtu alikohoa huko upande wa pili.

"Baba yetu yuko makaburi ya umma huku Nakuru, Mwalimu, katikati ya watu tusiowajua. Mimi sina ardhi ya kukuruhusu. Si uliandika kwamba sisi si wa hapo?" Kisha, kwa sauti ya chini: "Pole kwa msiba wa mama. Asubuhi ile tunafukuzwa, yeye peke yake alitusindikiza hadi barabarani."

Miaka kumi na mitatu, na Ruth hakuwahi kumwambia. Obwocha alisimama pale na simu iliyokatika, aibu ikimchoma mpaka masikioni.

Ijumaa Ruth akazikwa makaburi ya mjini, wanakozikwa watu wasio na kwao. Mke wa mwalimu, mama wa watoto watano! Sisi majirani tulienda sote. Hakuna aliyemtazama mwenzake.

Saa kumi tuliporudi, mashimo yote matatu yalikuwa yamefukiwa, udongo umesawazishwa vizuri. Bomani hapakuwa na mtu aliyebaki tulipoenda kuzika.

Juu ya udongo kulikuwa na nyayo. Za miguu mitupu. Za wakubwa, za watoto. Zilitoka kwenye chai, zikapita uani, zikaelekea langoni. Zote zilitoka. Hakuna hata mmoja uliorudi.

Kando yazo, nyayo za viatu vya raba, na kila hatua tundu dogo la mkongojo. Ruth alitembelea mkongojo tangu apatwe na kiharusi. Tulikuwa tumeuweka ndani ya jeneza asubuhi hiyo, mimi nikiwa nimeshika mfuniko.

Obwocha alizifuata hadi barabarani. Akaita jina la mkewe mara moja, polepole, kama mtu anayeogopa kuitikiwa.

Mvua imenyesha wiki tatu sasa. Nyayo bado zipo.