Kisanduku Kitupu cha Mama Mwape

Ngosa alikuwa na mwandiko mzuri, na mwandiko huo ndio uliomnyima mapumziko. Akitoka shuleni alivua sare, akaosha sahani, na kabla hajaketi majirani wa mtaa wa Kamalondo walikuwa mlangoni na karatasi zao. Januari ile ya mwaka 1974 zilikuwa fomu za kampuni ya malori walikofanya kazi baba wengi wa mtaa. Kila familia iandike idadi ya watoto, ili kompyuta, mashine mpya iliyojaza chumba kizima, ipange magunia ya unga ya kila mwezi.

Kwa Mama Mwape, mama wa rafiki yake Nkandu, kalamu ilisita. Familia ile ilikuwa imezika kitoto kichanga kabla ya Noeli.

“Niandike batoto bangapi, mama?”

“Batoto habahesabiwe,” Mama Mwape alijibu polepole. “Unabajua bote.”

Ni kweli, kwao mzazi hahesabu watoto wake kwa sauti. Sasa wewe ungeandika nini? Tano ingekuwa uongo. Nne ingemtonesha mama wa watu kidonda. Ngosa akakiruka kile kisanduku, akajiambia kesho atamwuliza Nkandu. Kesho ikapita, na keshokutwa.

Jumapili mjomba wake, Mumba, akaja kuchukua fomu. Yeye alifanya kazi katika kampuni hiyo, na ndiye aliyeandika programu, yaani maagizo ambayo kompyuta huyafuata hatua kwa hatua.

“Zote zimejazwa?”

“Zote, mjomba,” alisema Ngosa bila kupepesa macho.

Mwisho wa mwezi Baba Mwape alirudi kutoka bohari ya kampuni na gunia tupu limekunjwa kwapani. Jina lake lilikuwa kwenye orodha, na mbele yake sifuri. “Mashine haikosei, sitwayeni,” mtunza bohari alimwambia, kwa neno la “raia” ambalo siku hizo kila mtu aliitwa. Ngosa aliposikia, alikumbuka kile kisanduku alichokiruka. Alijua. Akanyamaza, kwa aibu tu. Februari nayo ikawa sifuri. Machi ilipoanza, Nkandu hakuonekana darasani. Alikuwa amepelekwa Kipushi kwa bibi yake, ambako angalau kulikuwa na shamba la muhogo.

Jioni hiyo Ngosa alimfuata mjomba wake, akamweleza yote huku akilia. Mumba hakumpiga wala hakumkaripia. Alimketisha kando yake, na hilo lilimuumiza Ngosa zaidi.

“Programu ni makubaliano,” alisema. “Kuna sharti la awali: nipewe fomu zilizojazwa zote. Kuna sharti la mwisho: kila familia itoke na gunia. Wewe ulivunja la kwanza, mashine ikasoma kisanduku kitupu kama sifuri. Lakini la mwisho lilikuwa langu. Ningeikagua orodha mara moja tu, ningeiona ile sifuri. Sikukagua. Nilikuamini wewe, nikaiamini na mashine.”

Kesho yake aliongeza maagizo mawili: mashine ikikuta kisanduku kitupu isianze kazi, na ikimaliza, itafute kwanza kama kuna familia iliyokosa unga, ndipo ichapishe orodha. Kisha akampeleka Ngosa kwa Mama Mwape na fomu mpya.

Ngosa alipiga magoti akaomba msamaha. Mama Mwape alimtazama mpaka mtoto akainamisha kichwa.

“Ungeniuliza tena, mwanangu. Ningelia, halafu ningesema.” Akavuta pumzi. “Andika ine.” Ngosa akaandika nne.

Magunia ya miezi yote yaliletwa pamoja. Nkandu hakurudi, Kipushi walikuwa wameshamwandikisha shule.

“Ukisema kazi imekwisha,” Mumba alimwambia Ngosa, “kuna mtu anaanza yake juu ya neno lako. Usiseme mpaka umehakikisha.”

“Na Nkandu, mjomba?”

“Hilo sina programu ya kulirekebisha. Mwandikie.”

Ngosa aliandika barua usiku uleule, akakiri kila kitu. Kabla ya kuifunga aliisoma tena kuanzia mstari wa kwanza, kidole kikipita chini ya kila neno.