Mama Aliyehukumiwa Darasani

"Lasmi, simama. Huyu mama ni mtu wa namna gani? Taja sifa moja, kisha uithibitishe."

Lasmi alisimama. Darasa la watu wazima pale mjini Pekalongan lilikutana kila Jumapili, wote wakitafuta cheti cha sekondari. Dawati moja alikaa na mumewe, Wiryo, mpiga chapa wa batiki.

Hadithi waliyosoma ilikuwa fupi. Mwanamke alimwacha mtoto kwa mume wa kwanza, akaolewa kwingine bila kumwambia mtu. Siku mtoto alipobisha hodi, mama alichungulia dirishani, kisha akamwambia mume mpya kwamba hamjui.

"Katili," alidakia mama Painem, muuza samaki. "Hata paka hafanyi hivyo."

Watu wakacheka.

"Nimemuuliza Lasmi," alisema Mwalimu Hartini.

Wiryo hakucheka. Jana yake Lasmi alitoka bafuni akamkuta ameshika simu ya mkewe. Kulikuwa na ujumbe kutoka kwa mtu aliyeandikwa Muuza Tempe, kana kwamba ni mchuuzi wa ile mikate ya soya: "Nimekukumbuka sana. Utakuja lini?" Wiryo aliirudisha simu mezani, akaomba chai. Lasmi angeona afadhali angefoka.

"Ni mwoga, mwalimu," alijibu.

"Thibitisha."

"Alijua akisema ukweli ataachwa."

"Hilo halimo kwenye hadithi," alisema Wiryo kwa sauti ya chini, bila kumtazama mkewe. "Mume hakusema popote kwamba atamwacha. Mimi nasema ni mwongo. Mwanamke analala na wewe kitanda kimoja huku ana mtu wake pembeni, unamwitaje mwoga?"

"Mtu gani, Wiryo? Hadithi inazungumzia mtoto."

"Mimi nazungumzia mwanamke, mwalimu."

Simu ya Lasmi ikatetemeka juu ya dawati. Muuza Tempe. Aliyejificha nyuma ya jina hilo alikatazwa kabisa kupiga Jumapili. Alinyoosha mkono, lakini wa Wiryo ukatangulia.

"Mume wangu, nipe. Nakuomba."

"Leo tempe nanunua mimi." Akaiweka kwenye spika. "Sema, bwana. Mwenye mke yupo hapa."

Ilisikika kwikwi, kisha sauti nyembamba ya mtoto wa kike.

"Mama? Mama, bibi ameanguka jikoni. Namwita haitiki."

Lasmi aliipokonya simu.

"Sekar, mama yuko hapa. Anapumua?"

"Sijui."

"Mwekee mkono tumboni. Unapanda?"

"Unapanda kidogo."

"Sasa kimbia kamwite jirani. Usikate simu."

Alikuwa ameshafika nje. Nyuma yake alisikia hatua za Wiryo, akajibanza ukutani. Mumewe hakuwahi kumpiga, lakini uso huo Lasmi hakuwahi kuuona.

"Nani huyo?"

"Mwanangu. Yuko Batang, kwa mama wa mume wangu wa kwanza. Baba yake alikwenda Malaysia, akapotelea huko."

"Uliniambia mliachana bila mtoto."

"Mama yako alisema mbele yangu, mbele yako, hataki mkwe mwenye mtoto wa mtu. Nikanyamaza. Baadaye nikakosa pa kuanzia."

"Mimi nilisema simtaki mtoto?"

"Wewe hukusema kitu."

Mshipa wa shingo ulikuwa umemtoka Wiryo.

"Usiku kucha nimelala macho wazi, nawaza nitamfanya nini huyo muuza tempe," alisema. "Panda pikipiki."

"Unanipeleka Batang, au unanirudisha kwetu?"

"Panda, Lasmi."

Njiani malori yaliwapita kwa kasi, na Lasmi aliogopa kumshika mumewe kiuno, akashika chuma cha nyuma. Alimwogopea mtoto, alimwogopea bibi, na zaidi aliogopa kwamba Wiryo atamshusha huko Batang, ageuze pikipiki, aondoke.

Walimkuta bibi kitandani, majirani wamemzunguka. Mganga wa zahanati alisema presha ilishuka ghafla. Sekar alimkimbilia mama yake, kisha alipomwona mwanaume mlangoni akajificha nyuma yake.

"Ndiye yule asiyetakiwa kujua?" alinong'ona, na kila mtu akasikia.

Wiryo aliinamisha kichwa.

"Mchukueni," bibi alisema kwa shida. "Leo kanikuta ningali na pumzi. Siku nyingine je?"

Lasmi hakuthubutu kumtazama mumewe. Alimvuta nje, karibu na kisima.

"Sema tu. Ukiniacha, nitaelewa."

"Nimekukasirikia. Hasira hii haiishi leo, wala kesho. Umenifanya nionekane mjinga mbele ya darasa zima."

"Najua."

"Lakini siku ile mama aliposema, mimi nilikuwa nimekaa pale, nakula. Nilisikia." Alijifuta uso kwa kiganja. "Kama ningesema neno moja tu, usingeogopa hivi."

Akarudi mlangoni.

"Sekar, vaa viatu. Utakaa katikati."

Mtoto akamtazama mama yake. Lasmi akaitikia kwa kichwa, machozi yakimdondoka.

Walipoingia uani kwao jioni, mama mkwe alikuwa barazani anachambua mchele. Wiryo alizima pikipiki, akamshusha mtoto, akamshika mkono.

"Mama, huyu ni Sekar. Ni mtoto wa Lasmi. Kuanzia leo anaishi hapa, na kama hapa hapamtoshi, basi na sisi hapatutoshi."

Mama mkwe aliacha kuchambua. Alimtazama mwanawe, akamtazama Lasmi kwa muda mrefu, kisha macho yakashuka kwa mtoto, kwenye vumbi la njia na midomo iliyokauka.

"Amekula?" aliuliza.