Alhamisi za Mama Watiri

Siku hizo, kila asubuhi Gathoni alikuwa akikamua ng'ombe wake mmoja. Kisha alibeba maziwa hadi kituo cha kupoza maziwa pale Wamagana. Foleni ilikuwa ndefu. Wakulima walizungumza juu ya mvua na juu ya jirani anayeongeza maji kwenye maziwa. Gathoni yeye aliitazama mizani.

Aliijua kazi hiyo. Kwa miaka mitano aliwahi kuwa karani wa mizani katika kiwanda cha kahawa upande wa Othaya.

Aliiacha kazi mwezi wa Aprili 2019. Mama yake, Watiri, alianguka jikoni akapooza upande mmoja. Ndugu za Gathoni walisema hawawezi kuja kwa sababu wana kazi. Gathoni pia alikuwa na kazi, lakini hakuna aliyelitaja hilo. Mume wake alikuwa amekwisha kufariki. Basi alirudi nyumbani na binti yake, Shiro.

Kwa miaka minne alimlisha mama yake kwa kijiko. Alimgeuza kitandani usiku na mchana. Aliandika saa za dawa katika daftari. Mwezi wa Agosti 2023 alimzika.

Baada ya mazishi alianza kutafuta kazi. Katika karatasi ya wasifu, ile ambayo watu huita sivii, aliandika kazi yake ya Othaya. Baada ya hapo hakuandika kitu. Kwa ofisi ya kwanza hakuitwa. Katika ofisi ya pili, kule Karatina, mwanamume mmoja aliitazama karatasi akacheka.

"Mama, miaka hii yote ulikuwa jela?"

Wenzake walicheka pia. Gathoni alichukua karatasi yake akatoka.

Kisha tangazo likabandikwa kwenye ukuta wa kituo cha maziwa. Walihitaji karani wa mizani. Kutoka kwa Gathoni hadi hapo ni mwendo wa dakika kumi. Shiro alikuwa kidato cha pili, shule ya kutwa. Akipata kazi hiyo, Gathoni angekuwa nyumbani kila jioni. Mtoto ambaye hana baba asingemkosa mama.

Alienda mjini Nyeri kwa Ben, mtoto wa dada yake, ambaye humwita Tata. Ben ana saiba, duka la kompyuta. Huwachapia watu barua na wasifu.

"Tata, hili pengo ndilo linakumaliza," Ben alisema. "Tuandike uliacha kazi 2023."

"Lakini niliacha 2019."

"Na nani atajua? Wote wanaokuja hapa hujaza. Ati wewe peke yako ndio mtakatifu?"

Gathoni alimsogezea karatasi. Ben alibonyeza mara chache tu. Miaka minne ikafutika.

Jioni hiyo Gathoni aliweka karatasi ndani ya Biblia. Akapiga magoti, akaiombea.

Wiki mbili baadaye aliitwa kwa mahojiano. Watu watatu walikaa nyuma ya meza. Aliyekuwa katikati ni Mzee Wamae, mwenyekiti wa kituo na kiongozi wa jumuiya yao ya kanisa. Gathoni alimtambua mara moja. Lakini alijiambia, "Mzee ana mambo mengi. Hatakumbuka."

Mzee Wamae alivaa miwani. Akasoma polepole.

"Hapa unasema ulikuwa kwa mizani mpaka Septemba 2023."

"Ndiyo, mzee."

"Siku zote za wiki?"

"Ndiyo. Jumatatu mpaka Jumamosi."

"Hata Alhamisi?"

"Hata Alhamisi."

Mzee alivua miwani akaiweka mezani.

"Mwaka wa 2022 jumuiya ilikuwa inakuja kwenu kila Alhamisi saa nane, kumwombea Watiri. Mimi sikukosa hata siku moja. Sasa niambie, Gathoni. Ni nani alikuwa anatufungulia mlango?"

Nje, mtungi mtupu wa maziwa ulianguka, na mtu akacheka.

"Ni mimi," Gathoni alisema.

"Unaweza kwenda, mama," mzee alisema. Hakumtazama tena.

Nyumbani, jirani yake Nduta alimkuta ameketi kwenye kiti cha jikoni bila kuwasha moto. Nduta ni karani wa kuajiri watu katika kiwanda cha chai. Amesoma wasifu nyingi, na mdomo wake haufichi kitu.

"Mama Shiro, uso gani huo? Wamekukataa?"

Gathoni alimweleza yote. Hata maombi hakuyaficha.

"Ati uliiombea?" Nduta alisema. "Ulitaka Mungu aweke sahihi kwa uongo?"

Gathoni alianza kulia. "Kinachoniuma sio kazi peke yake. Nilimfuta mama. Nilikaa na yeye miaka minne, halafu nikasema sikuwa huko."

Nduta alikaa karibu naye. Sauti yake ikashuka.

"Sikiza. Pengo sio kosa. Watu huugua, huzaa, hufutwa kazi, hutunza wazazi. Sisi tunaoajiri tunajua hivyo. Tunachoogopa ni pengo ambalo halina maelezo, kwa sababu mtu huanza kuwaza jela. Na uongo ni mbaya zaidi, kwa sababu tunapiga simu. Ningempigia mkubwa wako wa Othaya, angeniambia uliondoka mwaka gani."

"Sasa niandike nini?"

"Leta kalamu. Andika mwezi na mwaka. Aprili 2019 hadi Agosti 2023. Halafu mstari mmoja: nilikuwa nyumbani nikimtunza mzazi mgonjwa."

"Niseme alipooza? Niseme ndugu zangu walikataa kuja?"

"Hapana. Ugonjwa wa mama ni siri yake, na ndugu zako hawaombi kazi. Mstari mmoja unatosha. Kuna kitu kingine ulifanya miaka hiyo?"

Gathoni alifikiri. "Niliandika dawa na presha, asubuhi na jioni. Daktari alisifu daftari langu. Na nilikuwa katibu wa jumuiya."

"Andika hayo. Lakini usijiite muuguzi, hujasomea. Mwisho, andika kwamba jukumu hilo limekwisha na uko tayari kwa kazi. Wakikuuliza, jibu kwa ufupi bila kuona aibu, kisha uzungumze juu ya mizani."

Gathoni aliandika kwa mkono wake, polepole. Kesho yake alimpelekea Ben achape.

"Tata, unajiharibia," Ben alisema.

"Chapa vile nimeandika. Usiongeze na usipunguze."

Wasifu huo aliupeleka katika ofisi nne. Tatu hazikujibu. Ya nne ilikuwa kiwanda cha kahawa karibu na Kianyaga, mbali na nyumbani. Huko mama mmoja alimuuliza juu ya ile miaka minne.

"Nilikuwa namtunza mama yangu. Amefariki, na sasa niko tayari kwa kazi," Gathoni alijibu. "Kabla ya hapo nilipima kahawa miaka mitano. Naweza kuwaonyesha sasa hivi."

Yule mama alimpigia simu Hezekiah, mkubwa wa zamani wa Gathoni kule Othaya. Hezekiah alisema, "Aliondoka Aprili 2019. Aliondoka vizuri. Kama nafasi ingekuwapo, ningemrudisha."

Miaka ililingana. Gathoni akapata kazi.

Sasa amepanga chumba kimoja Kianyaga. Shiro analala kwa Nduta. Wanaonana kuanzia Jumamosi jioni hadi Jumapili mchana. Juzi Gathoni aligundua kwamba Shiro amempita kwa urefu, na hakujua ilitokea wiki gani.

Jumapili moja, baada ya misa, Mzee Wamae alimsimamisha karibu na lango la kanisa.

"Nimesikia ulipata kazi. Nimefurahi," alisema. Akatazama chini. "Gathoni, siku ile ya mahojiano, kazi ilikuwa yako. Niliwaambia wenzangu kabla hujaingia. Niliwaambia, huyu nimemwona akiandika saa ya dawa mbele yetu, hata maombi yakiendelea. Mtu kama huyo hawezi kukosea kilo ya mkulima."

Gathoni alishika lango kwa mkono mmoja.

"Kwa hivyo mlinitaka kwa sababu ya ile miaka?"

"Kwa sababu ya ile miaka," mzee alisema.

Gathoni alimshukuru. Kisha akaenda nyumbani kumsuka Shiro nywele. Zilibaki saa mbili kabla ya safari ya Kianyaga.